Jipu la Babu Kel

Kila Jumanne akitoka shule, Imogen hufua nguo za nyumbani kwao mjini Wangaratta, Australia. Jumanne hiyo alitoa kapuni kaptura ya baiskeli ya babu yake, akaitupa sakafuni papo hapo. Sehemu ya kukalia ilikuwa imegandana kwa usaha na damu, na ilinuka kama nyama iliyosahaulika juani.

"Babu! Hii nini? Nitatapika!"

Babu Kel, mzee wa miaka sitini na tisa, alikuja akichechemea. "Kajipu tu, mjukuu wangu. Kiti kimenisugua. Mama yako asijue. Jumamosi nina mbio za baiskeli, kilomita mia mbili."

Alikuwa amezimaliza kila mwaka kwa miaka ishirini na sita, tena na kundi la mbele. Safari hii, ili vijana wasimwache, alifanya mazoezi siku kumi na moja bila kupumzika hata moja.

"Na umelikalia siku ngapi?"

"Tano. Napaka mafuta."

"Khaa! Unatia kinyaa, Babu!"

Hata hivyo Imogen hakumwambia mama, maana alijua babu aliisubiri Jumamosi hiyo mwaka mzima. Lakini wakati wa chakula babu alikula amesimama, akitetemeka huku jasho likimtiririka. Imogen akaweka uma chini.

"Mama, Babu ana jipu linaoza. Na ana homa."

"Mbea mkubwa wewe!" babu alifoka.

Mama hakubishana. "Baba, panda gari. Ukikataa nakuvua suruali hapa hapa mezani."

Hospitalini, daktari alipolipasua jipu, harufu ilimfikia Imogen hadi nje mlangoni. "Ungeendesha Jumamosi," daktari alimwambia babu, "sumu hii ingeingia kwenye damu. Wiki tatu, hakuna baiskeli."

Babu alimnunia Imogen siku nne nzima. Alipoanza tena, alipanda baiskeli siku tatu tu kwa wiki, kaptura safi kila mara. Mwezi wa pili baada ya kupona akaenda kilomita themanini na kundi la nyuma.

"Nimepitwa na bibi mwenye baiskeli ya kikapu!" alilalamika aliporudi.

"Umeumia?" Imogen aliuliza.

"Moyo tu. Makalio mazima." Akamshika bega. "Nilikuita mbea. Nisamehe. Nilitaka mwili wa miaka arobaini, nikawa nauozesha huu nilio nao. Mtu akikuomba umfichie ugonjwa, usikubali, hata akinuna. Hata akiwa babu yako."

"Sawa, Babu. Sasa kaptura hiyo uifue mwenyewe."