Chupa Sita za Seramu

Kokugonza, binti wa miaka mitano kutoka Chonyonyo, alikata roho saa nne asubuhi, Alhamisi moja ya Julai 1956, katika wodi ya watoto ya hospitali ndogo ya misheni juu ya kilima cha Rugera. Ugonjwa wa dondakoo ulikuwa umemziba koo. Seramu, dawa ya sindano ya kumwokoa, hospitali ilikuwa nayo, tena chupa sita, ila kila aliyeulizwa alitoa jibu lile lile: imeibwa.

Inspekta Kahigi alikuwa Kihanga, akihangaika na wasafirisha kahawa ya magendo, tarishi alipomfikia kwa baiskeli akitweta. Saa saba mchana alikuwa hospitalini na konstebo wake. Kahigi alikuwa mtu wa Muleba, mkavu, asiyependa maneno mengi, na kilichomkera kwanza ni kukuta mtuhumiwa amekwisha kupatikana bila yeye.

Mtuhumiwa alikuwa Seif, mwenye duka pale Kihanga, ambaye babu yake alitokea Pangani. Watumishi wa baraza la chifu walikuwa wamemfunga kamba na kumtupa stoo. Nje walikaa wanaume wa Chonyonyo na magongo yao, baba wa marehemu akiwa katikati. Baba huyo hakulia wala hakufoka, na ukimya wake ndio uliomtia Kahigi wasiwasi. Kama jua lingezama Seif bado anaitwa mwizi, asingefika mahabusu Bukoba akiwa mzima.

"Nilileta debe la mafuta ya taa Jumatatu mchana," alisema Seif. Mdomo wake ulikuwa umepasuka. "Nikaliweka kando ya jokofu, nikaenda zangu."

"Nani anasema alikuona ukirudi hapa?"

"Hakuna, bwana inspekta. Wanasema tu kwamba mgeni aliyeingia mle wiki hii ni mimi."

"Ni kweli?"

"Ni kweli. Ndiyo maana nimeisha."

Kahigi alitoka stoo. Alikwenda kuangalia mahali penyewe.

Kilikuwa chumba cha bati, kidogo, chenye joto la kuchosha. Jokofu lilisimama pembeni, la aina ile inayopozwa kwa moto wa mafuta ya taa. Taa yake ikizimika, ubaridi nao unakwenda. Kufuli la mlango lilikuwa sakafuni, limevunjwa. Kwenye rafu ya juu ukutani ilipangwa penisilini, haikuguswa hata moja. Hapo Kahigi aliguna. Penisilini siku hizo ilijulikana mpaka magulioni, na mwizi gani angeiacha akabeba seramu ambayo haina kazi nyingine duniani ila kutibu dondakoo? Ama mwizi huyo alikuwa punguani, ama hakuwepo.

Alitia mkono ndani ya jokofu. Taa ilikuwa inawaka vizuri, utambi umekatwa upya, lakini ndani kulikuwa na uvuguvugu. Ukutani daktari, ambaye tangu Jumapili alikuwa Bukoba mkutanoni, alikuwa amebandika karatasi: tangi lijazwe kila asubuhi, halichukui zaidi ya siku moja. Kahigi alitafuta kijiti, akakitumbukiza kwenye debe la Seif, akapima, kisha akapima tena kwa kuwa hakuwa mtu wa kuamini kipimo kimoja. Debe lilifika Jumatatu mchana, tangi la siku ile likiwa limekwisha kujazwa. Jumanne, Jumatano, Alhamisi: yalipaswa kupungua matangi matatu. Lilikuwa limepungua moja tu.

Kutoka hapo alikwenda wodini.

Walikuwa wamelazwa watoto wawili wengine wa dondakoo, walioletwa Jumatatu jioni. Hao waliiwahi seramu, lakini koo zilikuwa zimevimba mno, ikabidi watumishi wenyewe, daktari hayupo, wazitoboe na kutia mirija ya kupumulia. Mmoja alianza kukoroma Kahigi akiwa mlangoni. Egbert, dresa wa kufunga vidonda, alishika kichwa cha mtoto. Jovitha, nesi kijana, alichukua mpira mwembamba, akautia ndani ya mrija, akavuta makohozi kwa kinywa chake mwenyewe na kuyatema bakulini. Mama Deodatha, mkuu wa wodi, mwanamke wa makamo, alihesabu pumzi. Hakuna aliyemwagiza mwenzake kitu. Mkono uliponyooshwa, kilichohitajika kilikuwa kimekwisha kufika. Kahigi aliona mengi katika kazi yake, lakini watu watatu kufanya kazi hivyo hakuwahi kuona, na aliwaheshimu kwa moyo wote. Kisha akaanza kuwahoji, mmoja mmoja.

"Jokofu hujazwa na nani?" alimuuliza Egbert.

"Mimi, afande. Nikibanwa, Jovitha hunijazia."

"Humwambii?"

"Hapa hatuambiani. Mama Deodatha alitufundisha hivyo: ukiona kazi imebaki, ifanye, usiulize ni zamu ya nani."

"Jumanne ulijaza?"

"Nilikuwa nimebanwa na hawa watoto. Jovitha alijaza."

"Ulimwona?"

"Hakuna haja ya kumwona. Hajawahi kuacha."

Jovitha naye alieleza hivyo hivyo, ila kwake aliyejaza ni Egbert. Siku mbili hizo hakubanduka kitandani, alisema, na Egbert hawezi kusahau. Kahigi alimuuliza kama Egbert aliwahi kutoka wodini Jumanne au Jumatano. Jovitha alifikiri, akajibu kwamba hakutoka hata mara moja. Uso ulimbadilika. Alikaa chini sakafuni, akaficha uso kwa aproni, na Kahigi akajua kwamba binti huyo hakuwa na habari mpaka dakika ile.

Alibaki mmoja. Kahigi alimpeleka kwenye kile chumba cha bati na kufunga mlango.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Seramu iko wapi?"

Deodatha alitazama debe, akakiona kijiti kilicholowa mafuta. Hakuwa mtu wa kuzungushana.

"Chooni. Nimezitupa zote sita."

Alieleza kwa sauti ya kawaida kabisa. Alfajiri Kokugonza alipoletwa kwa machela, yeye Deodatha alikimbilia jokofu akakuta limezimika, ndani kama tanuri, na seramu imechafuka kama maji ya kuoshea mchele. Kuidunga isingewezekana. Alizitupa chupa, akavunja kufuli kwa nyundo, akakata utambi, akajaza tangi, akawasha. Kisha akarudi kwa mtoto, akamshika mpaka mwisho.

"Kwa nini usiseme kweli? Lilikuwa kosa, si jinai."

"Ningesema, daktari angeuliza nani alisahau. Wangeanza kutazamana. Kuanzia siku hiyo kila mtu angefanya la kwake tu, tena mbele ya shahidi." Alielekeza kidole wodini. "Wale wawili hawataishi hata siku moja na manesi wa namna hiyo."

Kahigi alifungua mlango, akamwamuru konstebo amfungue Seif na kumpandisha Landrova, kiti cha mbele, watu wamwone. Mwenyewe alikwenda kwa baba wa mtoto, akachuchumaa mbele yake, akamweleza kwa Kinyambo, lugha ya pale, kwamba hakuna aliyeiba, na dawa iliharibikaje. Yule baba alisikiliza mpaka mwisho. Aliuliza kama anaweza kumchukua mtoto wake sasa, akajibiwa anaweza. Magongo yaliachwa pale pale kwenye nyasi.

Kahigi alirudi ndani kuandika maelezo ya Deodatha. Lilibaki swali moja, na hakuwa na hamu ya kuliuliza.

"Nani alimtaja Seif?"

"Watu wa baraza waliniuliza mgeni gani aliingia chumba hiki. Nikasema Seif. Sikusema uongo."

"Ulijua watamfanya nini."

"Nilijua."

"Ungemwacha afe, mama? Mtu asiye na kosa?"

Deodatha alitazama upande wa wodi.

"Nilikuwa na watu wangu wa kuwalinda," alisema. "Yeye hakuwa wa wodi yangu."

Kahigi aliyaandika maneno hayo kama yalivyotamkwa, akamsomea, akampa kalamu atie sahihi.