Kitako cha Mjozi

Sanduku la chuma lilikuwa wazi. Bastola ya Kijerumani, yenye umri wa zaidi ya karne, ilikuwa bado mle ndani. Kilichoibwa ni kitako chake cha mbao tu, kile kinachochomekwa nyuma ya mpini ili mtu aiegemeze begani.

Mpelelezi Nkirote wa polisi wa Minneapolis alizuia mwayo. Wiki nzima alikuwa ameshinda na maiti.

"Mwizi gani anaacha bastola akabeba ubao?"

"Si ubao, madam," alisema Nahashon, muuguzi, mwenye nyumba. "Ni kitako cha mjozi, mti ule wa jozi, cha asili kabisa."

"Nani ana ufunguo?"

"Mimi na mke wangu."

Mkewe, Rahab, alikuwa akimimina chai ambayo hakuna aliyeiomba.

Nyayo zilitoka mlango wa jikoni, zikakata theluji hadi kwenye jiko la kuchomea nyama. Nkirote alichakura majivu kwa kalamu. Kikatokea kipande cha chuma chenye mfuo. Alirudi ndani, akakijaribu nyuma ya mpini wa bastola. Kiliingia sawasawa.

"Mama, mlichoma nyama lini?"

"Jumapili."

"Na baridi hii?"

"Si sisi ni Wakenya? Hata wewe unachoma."

"Nachoma. Lakini mbuzi wangu hana chuma."

Rahab aliweka birika chini.

"Ni mimi."

"Rahab!"

"Jumatatu nina intaviu ya uraia. Kanisani wameniambia bastola yenye kitako ni bunduki fupi, na bila kusajiliwa ni jela. Mama anaugua Nyeri. Nikinyimwa uraia, nitatoka vipi hapa nikiwa na hakika ya kurudi?"

Nkirote alivuta kiti, akaketi kwa uzito.

"Walikuambia nusu. Bastola ya kale kama hii, ikiwa na kitako chake cha asili, sheria imeisamehe. Ulichochoma ndicho kilichokuwa halali." Akamgeukia Nahashon, akaonyesha boksi lililofungwa mezani mbele yake. "Na boksi hilo?"

"Kitako kingine, cha plastiki. Nilitaka kukifunga leo."

"Ungekifunga, hapo ndipo ungekuwa na bunduki fupi, bila usajili. Mezani kwa mkeo."

Nahashon alilisukuma boksi mbali kama chungu cha moto.

"Nitalichukua," alisema Nkirote. "Bado unamshtaki mwizi?"

"Hapana." Alimtazama mkewe. "Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia mara mbili, baba Stacy. Ulicheka."