Aliyelipenda Jengo la Tambuu

Kalsom alifungua kabati kwa ufunguo wake, akalitoa daftari la maoni, akakuta kuna mtu amemtangulia kuandika.

Ufunguo wa kabati lile ulikuwa mmoja, nao ulishinda na kulala kwenye pochi yake. Ukurasa wa siku ile aliuacha mweupe jana yake jioni. Sasa ulikuwa na mstari mmoja juu kabisa, Kimalei kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu kama walivyoandika wazee, wino bado unang'aa kwa ubichi: "Jengo ni zuri. Mama mwenye daftari ameshakula?"

Mwenye akili angelifunga daftari akamwita bawabu. Kalsom aliona jambo moja tu, kwamba ameulizwa kama amekula. Katika mji wa Kuala Rengas watu huulizana hivyo kutwa nzima bila hata kungoja jibu, lakini yeye hakumkumbuka mtu wa mwisho kumuuliza. Alikuwa na miaka hamsini na sita. Hakuolewa, alimuuguza mama yake miaka kumi na tatu, na mama alipokufa wale waliokuwa wakija kumtazama mgonjwa hawakuwa na sababu tena ya kuja.

"Bado," akajibu kimoyomoyo, akapiga mhuri.

Mihuri ilikuwa miwili. Halmashauri ilikuwa imeweka ukumbini, ndani ya sanduku la kioo, mfano wa jengo jipya la ofisi litakalosimama katikati ya mji, pale palipobomolewa ghala kuukuu la mchele. Siku ishirini na moja wananchi watazame, waandike. Encik Redzuan, mkuu wa idara, kijana mwenye viatu vyenye ncha, alimpa Kalsom, ambaye kazini walimwita Kak Som, yaani Dada Som, kiti, daftari na mihuri. "Wakitukana, Kak Som, piga IMEPOKELEWA. Wakiomba kitu kidogo, benchi au kivuli, piga IMEKUBALIWA. Roho zao zitulie."

Walitukana sana. Mchoraji wa jengo alisema ameiga jani la tambuu lililokunjwa. Mmoja akaandika, "Hiki ni kifurushi cha wali wa nazi kilichofumuliwa na paka." Mwingine, "Jino bovu." Mwingine, "Vioo ghorofa ishirini na mbili! Vitaoshwa na mvua au na mkweo?" Anko Kok Weng, mwenye mgahawa wa kahawa ng'ambo ya barabara, alikuja mwenyewe na aproni yake.

"Ile kona inanielekea kama kisu cha bucha. Mteja atakunywaje kahawa na kisu kinamtazama tumbo? Andika!"

"Andika mwenyewe, Anko. Mkono si unao?"

"Mkono wangu ni wa kukoroga, si wa kuandika."

Katika mji mzima, aliyelipenda jengo alikuwa mmoja. Kila asubuhi alishaandika kabla kabati halijafunguliwa. Alisifu madirisha, alisifu ngazi, kisha akamuuliza mama mwenye daftari habari za goti lake. Kalsom hakuwa amemwambia mtu kwamba goti linamuuma. Naye, badala ya kuogopa, akaanza kumjibu kwa penseli pembeni mwa ukurasa. "Nimekula. Na wewe?"

Kesho yake jibu lilikuwepo. "Mimi sili peke yangu."

"Leo umepaka wanja," alisema Muniamah, mfagiaji wa ukumbi, akiegemea fagio. Muniamah ndiye pekee pale kazini aliyemtania Kalsom. "Unamtegea nani, Kak Som? Wale watu wa plastiki mle ndani ya kioo?"

"Fagia, wewe. Ulimi wako ungekuwa fagio, ukumbi ungeng'aa."

Wakacheka mpaka bawabu akageuka. Hicho kicheko ndicho kitu pekee alichokwenda nacho Kalsom nyumbani jioni, akakitafuna taratibu na wali wake.

Siku ya tisa mwandishi alisema shida yake. "Niliishi kwenye ghala la mchele mpaka mlipolibomoa. Jengo hili likisimama nitahamia humo. Mpaka hapo, naomba kukaa na mama mwenye daftari."

Kalsom akaona haya kama msichana. Akajiambia ni mjane fulani, mlinzi wa zamani, mzee mwenye maskhara yake. Mwanamke akikaa miaka mingi bila kutongozwa, hata barua ya posta humpandisha joto. Alitazama kulia, akatazama kushoto, akauchukua mhuri wa pili, si ule wa kwanza, akaugandamiza kwa mikono miwili. IMEKUBALIWA.

Jioni ile alipofungua mlango wa nyumba yake, alikaribishwa na harufu. Harufu ya magunia yaliyolowa na udongo uliochimbwa leo. Akafungua madirisha. Akapika, akapakua, na alipogeuka na sahani yake akakuta kiti cha ng'ambo ya meza, ambacho tangu kufa kwa mama yake hakijavutwa, kimevutwa. Akakirudisha. Akaenda kuchota maji. Aliporudi kilikuwa kimevutwa tena, na upande ule wa meza wali ulikuwa umepungua.

Akaanza kusoma Ayatul Kursi, akafika katikati akakwama kwa hofu, na pale pale alipokwama sauti nyingine ikaipokea aya, sauti ya mzee, ya upole, kwa tajwidi nzuri kuliko yake, ikaisoma mpaka mwisho, ikasema amina, kisha kile kiti kikalia kama kinavyolia kiti mtu mzito akijiweka sawa.

"Kula," ikasema. "Chakula kinapoa."

Mgeni wake hakumpiga. Hakumkaba usiku wala kumtupia sahani, kama majini ya watu wengine. Yeye alikaa tu. Ila kadiri alivyokaa, watu wakawa wanamtoka Kalsom.

Wa kwanza alikuwa mwanamume mwenye kofia, aliyesimama mbele ya meza yake mchana kweupe akauliza, "Hapa hakuna mtu?" Kalsom akajibu yupo. Yule mtu akangoja kidogo, akalivuta daftari kutoka chini ya kiwiko chake, akaandika matusi yake, akaondoka. Kesho yake, kwa Anko Kok Weng, Kalsom aliagiza kahawa mara tatu, na mara ya tatu mzee akafuta meza yake, akapitisha kitambaa juu ya vidole vya Kalsom, akakigeuza kiti kilichokuwa mkabala naye juu chini kama wafanyavyo wakifunga. Na siku ya kumi na tano Muniamah alikuja akipiga deki huku anaimba kwa pua, akaipitisha deki juu ya viatu vya Kalsom, kushoto, kulia, maji machafu yakamwingia mpaka kwenye soksi.

"Muniamah! Hunioni?"

Muniamah alisita, akainua uso, akavuta hewa kama mtu aliyenusa kitu kinachoungua mbali, kisha akaendelea na wimbo wake.

Ndipo Kalsom akakimbilia kwa Tok Piah, bibi aliyetoa majini ya watu wa mtoni tangu Kalsom hajazaliwa, akamsimulia yote mpaka ule mhuri.

"Sogea kwenye mwanga," alisema Tok Piah, akikunja macho. "Unanipotea potea. Umekuja naye?"

"Yuko hapo nje, Tok. Amekaa kwenye ngazi."

"Huyo namjua." Bibi akashusha sauti. "Lile ghala lilikuwa na mlinzi, Mat Diah. Miaka thelathini watu wanasema ghala halina mlinzi, halina mlinzi. Alikuwemo. Mimi mwenyewe nilipita hapo kila Ijumaa sikumwona. Walipobomoa walikuta mkeka na mifupa, na sufuria bado ya moto."

"Nimfukuze vipi, Tok?"

"Mimi siwezi kumfukuza mtu mwenye ruhusa. Umempa kwa mhuri! Mjinga wewe, Som." Akamshika kidevu, akikitafuta kwanza hewani. "Kuna njia mbili. Jengo lijengwe, ahamie huko kama mlivyokubaliana. Au uiondoe ruhusa kama ulivyoitoa. Uliitoa kwenye daftari la watu wote, basi iondoe mbele ya watu, kwa mdomo, na mtu mmoja aliye hai akujibu, nimesikia. Mmoja tu. Mimi usinitegemee, miguu hii haishuki ngazi tena."

"Na akikosekana?"

"Mji mzima huu, mwanangu? Akose mmoja?"

Basi Kalsom, ambaye siku ya kwanza alilitazama lile jengo akasema afadhali ghala, akageuka mpiga debe wake. Alijaza kurasa saba kwa mkono wake, akibadilisha majina. "Jengo zuri mno." "Lijengwe haraka." "Linapendeza kama bibi harusi." Alipochoka, mwandiko wa herufi za Kiarabu uliendelea chini yake.

Siku ya ishirini na moja, saa nane mchana, jua likichoma mabati na feni zote zikizunguka, mji ulikuja ukumbini kusikiliza. Viti vilijaa isipokuwa viwili mstari wa nyuma. Kimoja alikalia Kalsom. Kingine hakuna aliyejaribu kukikalia, na waliopita karibu nacho waliziba pua.

Encik Redzuan alisimama na daftari. "Waliolikataa ni wengi, sitawasomea majina. Waliolipenda," akafungua, akafunga, "miandiko yao ni miwili tu." Ukumbi ukaangua kicheko. Anko Kok Weng akapiga kelele, "Mmoja mchoraji, wa pili mama yake!" Kicheko kikazidi, na kikipungua Encik Redzuan akatangaza kwamba mchoro umewekwa kando, jengo halijengwi, kiwanja kitabaki wazi. Watu wakapiga makofi, wakakumbatiana.

"Kuna mwenye neno la mwisho?"

Kalsom akasimama. "Mimi," akasema, "mimi Kalsom binti Yeop, niliyepiga mhuri," na sauti yake aliisikia mwenyewe ikitoka vizuri, "naiondoa ruhusa niliyotoa, mtu mmoja aniambie amesikia," lakini Encik Redzuan alikuwa akitazama mkono wa mtu aliyejikuna sikio, na wa mbele yake walikuwa wakipeana peremende, kwa hiyo akatoka kwenye mstari akapiga kelele, akapita katikati ya viti akiwashika mabega mmoja mmoja, mwenye kofia, Anko Kok Weng, bawabu, kila aliyemshika akipandisha bega kama mtu aliyetuliwa na nzi, mpaka akafika kwa Muniamah aliyesimama mlangoni na ndoo yake, akampigia magoti kwenye sakafu aliyoipiga deki mwenyewe, akamkamata kifundo cha mkono kwa mikono yake yote miwili, akamwambia, "Muniamah, ndugu yangu, nitukane, niite kizee, sema lolote, sema tu umesikia."

Muniamah akausugua mkono wake. "Leo kuna baridi," akamwambia bawabu. "Na Kak Som mwaka huu wote kazini simwoni. Alihamishwa?"

"Kak Som yupi?" akauliza bawabu.

"Hata sijui," akasema Muniamah, akainua ndoo yake.

"Hakuna?" Encik Redzuan akakusanya makaratasi. "Basi tumefunga. Asanteni."

Wakatoka wakicheka, wakigombania kivuli cha mlangoni. Viti vikapangwa juu ya viti. Muniamah akazima feni moja baada ya nyingine, akauvuta mlango, komeo likaingia kwa nje.

Nyuma kabisa, kiti kimoja kikalia.

"Nimesikia," ikasema sauti, taratibu, kama mtu anayembembeleza mgonjwa. "Mimi nimesikia, Kalsom. Kila neno."