Nne, Halafu Moja

Kamba ilivuta mara tatu, na mzamiaji mwenyewe alikuwa ameketi botini anapuliza chai.

Mke wake, aliyekuwa mshika kamba, akaitazama ilivyokaza ukingoni mwa boti, ncha yake ikiwa majini bila kufungwa kwa mtu. Mara tatu maana yake nivute. Mara moja ni upo?, na jibu lake ni moja vilevile. Hiyo ndiyo lugha nzima ya kazi yao, fupi kuliko salamu za mwenye haraka.

"Gogo limenasa," akasema shemeji yake, mwendesha boti, ambaye kila alichokiogopa alikiita gogo.

Chini yao, pale ziwa linapojimwaga mtoni, ililala meli ya abiria iliyozama zamani. Mkondo wa hapo humkamua mtu kama nguo. Ndiyo maana kila alipozama, Kambare, kama walivyomwita mumewe, alishuka akiing'ang'ania kamba nene iliyofungwa mlingotini mwa meli, akajibanza nyuma ya ubavu wa meli ambako maji hutulia, na wakati wa kupanda alisimama kwenye kila fundo la kamba hiyo kuipumzisha damu. Apandaye kwa pupa, damu humtoka povu ndani kwa ndani, kama soda iliyotikiswa. Kamba nyembamba, ile ya ishara, wakati huo huwa kiunoni mwake na mikononi mwa mkewe.

Humo melini alibaki mdogo wa mke, aliyezamia asirudi, tangu kiangazi kilichopita. Mama yao alikataa kumlilia. Alisema halii mtoto asiye na kaburi. Kwa hiyo mke alimwomba mume akamtoe, akambembeleza, mwisho akamnunia, na mume akakubali.

Kazi yao ilikuwa na miiko miwili. Wa kwanza: ishara hufundishwa nchi kavu, haitamkwi juu ya maji. Aliyewafundisha hakutoa sababu, na Kambare aliuweka mwiko huo kwenye kapu la mambo ya wazee wanaopenda kuogopwa. Wa pili: ukipewa ishara, uirudie kwa sauti, pasitokee kosa.

"Kama huko chini kuna mjanja anayejua tatu, tumbadilishie," Kambare akasema akicheka, huku akikaza mkanda wa mtungi. "Nikibanwa nitavuta nne, halafu moja. Hapo univute moja kwa moja, mafundo usiyajali."

Kinywa cha mkewe kilizoea kazi, kikamtangulia.

"Nne, halafu moja."

Maji yakanyamaza kuizunguka boti, kama jirani anayezima redio asikilize ugomvi wa nyumba ya pili. Alipogeuka kumwambia mumewe asishuke, mumewe alikwisha kujirusha.

Aliuliza kwa mvuto mmoja, akajibiwa mmoja. Akauliza tena, akajibiwa. Kisha ikapanda harufu ya chuma chenye kutu na nywele mbichi, shemeji akaziba pua asiseme neno la gogo, na kamba ikaanza kutetemeka mikononi mwake kama mshipa wa shingo, ikavuta mara nne kwa nguvu, ikapumzika kidogo kama mtu anayejikumbusha somo, ikavuta moja, naye akaona akilini fundo la kwanza, na la pili, na mafundo yote ambapo mumewe alipaswa kusimama, akajua atamuumiza akimvuta na atamzika akimwacha, akavuta, shemeji naye akavuta, viganja vikachunika, mpaka kichwa cha Kambare kikatokea juu ya maji kikiwa na damu puani.

"Kwa nini umenivuta?" akauliza.

"Si umeniita? Nne, halafu moja."

"Sikugusa kamba. Mikono yangu yote miwili ilikuwa imemshika mdogo wako." Akakohoa wekundu. "Naye alinishika. Mkono wake ulikuwa wa moto."

Miguu yake haikupanda naye; yaani ilikuwepo, lakini haikuwa yake tena.

Mganga aliletwa nyumbani. Akafukiza, akanuiza, akaichoma kamba, ambayo ilidondosha maji kwa muda mrefu kabla ya kukubali kuungua. Akauliza ni maneno gani yaliyosemwa juu ya maji. Mke akakataa kuyataja. Mganga akatikisa kichwa kwa heshima, akasema nyumba sasa ni safi.

Sauti ya Kambare haikufika tena jikoni, hivyo walifunga uzi kutoka kifundo cha mkono wake hadi cha mkewe. Mvuto mmoja: njoo. Walizoea. Watu huzoea hata jehanamu, mradi wapewe utaratibu.

Alasiri moja, mke akiwa anasuuza sufuria, uzi ukavuta mara nne. Halafu moja.

Alimkuta mumewe macho wazi, mikono yote miwili kifuani. Uzi ulikuwa umefunguka kwake. Ulipita ukingoni mwa kitanda, umekaza, ukazama ndani ya beseni la maji ya kumwogeshea.

"Usijibu," Kambare akanong'ona.

Sebuleni, mama wa mke, aliyekuja kumsaidia kuuguza, alikuwa akikunja mashuka. Harufu ya chuma ikajaa chumbani. Uzi ukavuta mara moja, polepole, kwa adabu kabisa.

Upo?

Na mkono wake, mkono wa kazi, ambao miaka yote hii haukuwahi kukisubiri kichwa, ukajibu.