Maji ya Moto ya Daktari Yaarub

Mwaka 2023, Jumanne ya tarehe nane Agosti, joto la Maskati lilifika nyuzi arobaini na nne saa sita mchana. Unyevu ulikuwa mzito na upepo haukuwapo. Katika ua wa nyumba yake, Madinat Sultan Qaboos, Daktari Yaarub, mpasuaji mstaafu wa jeshi, alimwaga sufuria ya maji yanayotokota ndani ya shimo la mchirizi. Shimo likalia. Ulikuwa mlio mwembamba, kama wa mwanambuzi, ukifuatwa na harufu ya nywele zilizoungua.

Alihudumu mpakani miaka ishirini na sita, akapata nishani mbili, akakata miguu mia moja na kumi na miwili iliyokanyaga mabomu. Siku hiyo alichemsha visu vyake vya zamani ili avipeleke kwenye maonyesho ya kumbukumbu. Huko mpakani, kuchemsha na kumwaga ilikuwa kazi ya msaidizi wake, Humaid, ambaye hakumwaga hata kikombe pasipo kutaja jina la Mungu, kuwaonya wasioonekana. Daktari hakuwahi kumwaga mwenyewe.

"Umesema bismillahi?" aliuliza mkewe, Zakiya, kutoka mlangoni.

"Nimemwaga maji, Zakiya. Sijachinja kuku."

"Haya, msomi. Nnakwambia, wana watoto humo."

Neno lilikuwa bado mdomoni mwake alipoinuliwa na kubamizwa ukutani. Mwana wao, Muatasim, alikimbia kumshika, naye Zakiya akamkamata mkono na kuuvunja mara mbili, mfupa ukatoka nje. Kisha akaanguka kifudifudi, gauni likalowa na kunata, na mgongoni yakamfura malengelenge, moja baada ya jingine, yakipanga kichwa kidogo, kiwiliwili na miguu miwili mifupi, mpaka daktari akaona wazi umbo la mtoto aliyebabuka mwili mzima.

"Umemchuna mwanangu," ilisema sauti kooni mwa Zakiya. "Mpe ngozi, mpasuaji. Usipompa, nitachukua ya huyu, yote."

"Nimwite mwalimu wa Sib, aje amsomee?" Muatasim alinong'ona.

"Mwite," sauti ilicheka. "Atakuta maiti ya kuosha."

Daktari alihesabu malengelenge: tisa. Akachukua kisu, akaketi penye vigae, akapandisha kanzu.

"Bila ganzi," sauti ikasema. "Mwanangu hakupewa."

Alichuna kipande pajani, akakiweka mdomoni mwa shimo. Kikavutwa chini; kikarudi kimetemwa, cheusi.

"Ngozi ya mzee haishiki. Nyengine."

Cha pili kilitemwa, cha tatu pia. Cha nne hakikurudi, na lengelenge moja mgongoni mwa Zakiya likanywea.

"Kata kwangu, baba," Muatasim alinong'ona akilia. "Yangu changa."

"Nyamaza. Kaza kitambaa mkononi."

Akaendelea, pajani, kisha paja la pili, kisha nyuma ya goti alikopapasa tu bila kuona, damu ikienea juu ya vigae na kuchemka kwa jua, vipande vikitemwa usoni pake na kumnatia ndevuni, naye akivihesabu kwa sauti kama alivyowahesabu majeruhi, mpaka sauti yake ikawa pumzi tupu na lengelenge la mwisho likazama.

Zakiya alikohoa, akaomba maji.

Daktari Yaarub hakufika hospitali. Vipande vilivyoshika: tisa. Vilivyokatwa: arobaini na kimoja.