Gauni Jekundu la Kulalia

Foleni ya mwisho wa mwezi ilikuwa imefika kwenye friji za maziwa, watu wanasonya, fundi umeme alipoweka vitu vyake mbele ya keshia: unga wa uji, mafuta ya kujipaka na pedi. Shati lake la kazi lilijaa vumbi la dari, lakini meno, jamani, meno!

"Mkeo ana bahati," keshia alisema, macho kwenye mashine.

"Sina mke."

"Basi dada yako."

"Sina dada. Una swali lingine, au nilipe?"

Walicheka, foleni ikazidi kusonya. Fundi alitoka na namba ya simu ya keshia.

Haukupita muda wakawa wanaitana mpenzi.

"Umekula, malkia wangu?"

"Nitakulaje na hujaja?"

Lakini kila Jumamosi fundi alipita kaunta na pedi zile zile, uji ule ule, na akiulizwa jibu lilikuwa moja.

"Ni kazi ya kanisa, mpenzi. Tunatembelea wagonjwa. Tuliapa mbele ya mchungaji kutotaja nyumba ya mtu."

Keshia alimeza jibu lile, lakini wivu haumezeki. Ulimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Kisha Jumamosi moja kaunta ikapokea gauni la kulalia, jekundu, la lesi.

"Kanisa gani linanunua gauni la kulalia?"

"Mpenzi, watu wanasubiri."

"Wasubiri!"

Fundi alilipa, akaondoka. Keshia akamwachia mwenzake mashine, akamfuata na sare yake ya dukani hadi nyumba moja ya vyumba vya kupanga, nyuma ya stendi. Alisimama nje ya chumba cha mwisho, akasikia mwanamke anacheka ndani. Kicheko kile kilimmaliza. Akausukuma mlango kwa bega.

"Mtoe huyo mwanamke wako! Atoke nimwone!"

Majirani walijaa uani. Fundi alikuja mlangoni na kijiko cha uji mkononi, uso umemsawijika. Neno moja tu lingemwokoa. Hakulisema.

"Twende nyumbani," alisema. "Nakuomba."

Nyuma yake akatokea mwanamke ameshika ukuta, gauni jekundu linaning'inia kwenye mifupa ya mabega.

"Muache kijana wa watu. Nina virusi vya ukimwi. Nilipofukuzwa kazi, kanisa ndilo lililonilisha. Gauni nililiomba mimi, nimechoka kulalia matambara. Umeridhika?"

Mama mmoja akamvuta mwanawe, kisha akaharakisha kuanua nguo zake kwenye kamba ya pamoja. Keshia aliliona hilo, akatamani ardhi immeze.

"Nisamehe, dada."

"Nilikuwa na siri moja tu," mwanamke alijibu, akafunga mlango.

Barabarani fundi hakupaza sauti. "Usinipigie," alisema.

Keshia hakupiga. Kesho yake alirudi kule baada ya kazi, akakaa kizingitini hadi akafunguliwa. Akarudi keshokutwa yake, na siku zilizofuata.

Jumamosi fundi aliwakuta wanawake wale wawili uani mchana kweupe, mbele ya madirisha yote, wanakula sahani moja na kumsengenya mchungaji. Hasira ilikuwa bado ipo, ila hamu ya kumwona keshia ilikuwa imeizidi.

"Kaa ule, shemeji," mgonjwa alisema. "Huyu amenichosha kwa kulia."

Fundi akakaa, akanawa, akamgeukia keshia.

"Nikikuoa, utaacha wivu?"

"Wivu siachi," keshia alisema. "Ila safari nyingine nitapiga hodi."