Machenza Mteremkoni

Ijumaa hiyo Pyo Eun-sol alitoka kazini na hasira ya wiki tatu. Alikuwa mwalimu wa sayansi katika shule moja ya sekondari huko Yeongdo, mjini Busan, Korea Kusini, umri miaka thelathini na mitatu, na mvua ya Novemba ilikuwa imelilowesha koti lake la rangi ya haradali mpaka likanuka sufu. Akashuka ngazi za maduka ya chini ya ardhi ya Seomyeon, akapenya katikati ya wasichana waliokuwa wakichagua soksi na vijana waliosimama njiani kupiga picha, akaishia kwenye foleni ya mama muuza chapati tamu za sukari na mbegu.

Mbele yake alisimama mwanamume mrefu mwenye shati jeupe lililonyooshwa vizuri na viatu vilivyochoka vibaya. Zamu yake ilipofika, mama alimwambia chapati zimekwisha, asubiri nyingine ziive.

"Hakuna shida, mama," alijibu. "Pole kwa usumbufu uliojitokeza."

Eun-sol alikazia macho kisogo chake. Sauti hiyo aliijua. Ilikuwa tulivu, ya chini, kama ya mtu anayemwelekeza mgonjwa namna ya kumeza dawa. Tangu mwezi uanze alikuwa ameisikia mara kumi na saba.

"Wewe ni Tak," alisema.

Mwanamume akageuka. "Samahani?"

"Tak wa dawati la msaada la kampuni ya vishikwambi. Jumanne uliniambia nizime kishikwambi halafu nikiwashe. Jumatano ukaniambia hivyo hivyo. Jana nikakuuliza nitazima na kuwasha vishikwambi ishirini na vinane saa ngapi, na kipindi chenyewe dakika arobaini na tano, ukanipa pole kwa usumbufu uliojitokeza."

"Mwalimu Pyo," alisema polepole. "Kidato cha pili C."

"Kumbe unanikumbuka."

"Ofisi nzima inakukumbuka. Simu yako ikiingia tunatazamana nani apokee."

"Na kila siku unashindwa wewe."

"Sishindwi. Huwa najitolea," alisema, kisha masikio yakamwiva.

Walikula wamesimama, sukari ya moto ikiwachuruzikia vidoleni, na Eun-sol akamwaga yote. Kwamba mwanafunzi akikosea swali la programu ya masomo, kwenye kioo anatokea dubu wa katuni anapiga makofi na kusema umejitahidi. Kwamba watoto wamegundua kuwa ukibonyeza jibu lolote haraka mara tatu dubu anakupitisha, kwa hiyo darasa zima linamaliza sura ya mwendo na kasi ndani ya dakika sita, halafu linalala. Kwamba ofisi ya elimu ya wilaya inamletea grafu za rangi zinazoonyesha kuwa kidato cha pili C ndicho kinachoongoza kwa bidii Busan nzima.

"Wanaongoza kwa kubonyeza," alisema. "Yule dubu nikimkuta barabarani namgonga."

Tak Gyu-tae alicheka hadi mama wa chapati akamtazama. "Hazimiki," alisema. "Nimeuliza. Wanasema utafiti umeonyesha watoto wanampenda."

"Utafiti ulifanywa kwa watoto gani, wa miaka minne?"

"Mwalimu, mimi nalipwa kukupa pole. Kuniuliza maswali ya maana ni kunionea."

Walipoagana kwenye ngazi za kutokea namba saba, Gyu-tae alimpa namba ya simu yake mwenyewe. Akamwambia asiitumie kwa matatizo ya kazi. Jumatatu saa mbili na nusu asubuhi Eun-sol aliitumia kwa tatizo la kazi.

"Nilikuomba nini?" Gyu-tae alisema.

"Mtandao umekatika."

"Habari za asubuhi na wewe pia."

"Habari za asubuhi. Mtandao umekatika, Gyu-tae, na nina watoto ishirini na wanane wanaonitazama kama vile nimeukata mimi."

"Hivyo vishikwambi vina kamera," alisema Gyu-tae. "Kamera haihitaji mtandao."

Eun-sol alikata simu bila kuaga. Dirishani mteremko wa nyuma ya shule ulishuka mkali mpaka kwenye karakana za meli, na juu ya meza yake palikuwa na mfuko wa machenza aliopewa na mzazi. Akawaambia watoto wavae majaketi.

Siku hiyo kidato cha pili C kiliviringisha machenza mteremkoni. Nusu walikaa juu kuyaachia, nusu wakapangana ukutani kurekodi, kisha wakarudi darasani kutazama video picha moja moja na kupima kila chenza limesogea kiasi gani. Yun-seo, msichana aliyekuwa amelala tangu Septemba, aliuliza kwa nini chenza lililomenywa linayumba na la ganda linanyooka. Darasa likagawanyika kubishana. Kengele ya chakula ililia na hakuna aliyeinuka.

Jioni alimpelekea Gyu-tae video na picha. Simu ilikuja dakika hiyo hiyo.

"Yule wa mbele, aliyelala chini kwenye lami ili apate picha," alisema. "Ulimwambia alale?"

"Nilimwambia asimame. Ndiyo maana alilala."

"Mimi nilikuwa mwalimu," alisema Gyu-tae. "Mjini Gimhae, miaka mitano. Fizikia. Niliacha kwa sababu siku moja nilihesabu nimeandika ripoti ngapi na nimefundisha vipindi vingapi. Sijawahi kumwambia mtu ofisini."

"Na unaniambia mimi kwa nini?"

"Kwa sababu leo nimeona wivu. Nimeona wivu wa kweli, Eun-sol, mpaka nimeshindwa kula."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa jina bila cheo. Karibu Desemba yote walikuwa pamoja: wakila supu ya nguruwe na wali nyuma ya stesheni, wakibishana chini ya mwavuli mmoja. Gyu-tae alimwita "mwalimu wangu", Eun-sol akamwita "Bwana Pole". Eun-sol alimnunulia viatu vipya. Gyu-tae akavivaa siku mbili, akarudia vilivyochoka, na wakagombana hata kwa hilo.

Kisha vikaja vipeperushi. Mwalimu mkuu Yeom, mama wa miaka hamsini na minane aliyekuwa hapandishi sauti kamwe, alimwita ofisini na kukiweka kimoja mezani. Kilikuwa cha kampuni ya Gyu-tae. Ukurasa wa mbele ulionyesha mteremko wa shule, machenza yake, watoto wake na sura zao wazi, na pembeni yule dubu akipiga makofi. Chini paliandikwa: somo lililobuniwa na wataalamu wetu.

"Wazazi wanne wamepiga simu," alisema Bi Yeom. "Nani aliruhusu sura za watoto zichapishwe? Nahitaji barua ya maelezo kabla ya Alhamisi. Wilaya inataka kujua kama kuna mwalimu aliyeuza picha."

Eun-sol alitoka mpaka kwenye ngazi za dharura akapiga simu.

"Ulizituma au hukuzituma?"

"Eun-sol, nisikilize."

"Neno moja. Ulizituma?"

"Nilizituma, lakini sio kwa ajili ya..."

Akakata. Akaifunga namba yake isiweze kumpigia, akaketi kwenye ngazi ya baridi, akalia kwa hasira zaidi kuliko huzuni. Alichokiona mchana ule ni kwamba yule mwenye wivu ameamua kujipatia sifa ya somo lake. Gyu-tae alipiga kwa simu ya ofisi, akapiga kwa simu ya rafiki, mwishowe akaja getini. Mlinzi, kwa maagizo ya Eun-sol, alimwambia mwalimu Pyo yuko kwenye mkutano. Akaja tena kesho yake. Mkutano haukuwa umekwisha.

Alhamisi wazazi walijaa chumba cha maktaba. Afisa wa wilaya alikaa katikati. Kampuni ilimleta mtu wa kusoma taarifa, na mtu huyo alikuwa Gyu-tae, tai shingoni, uso umempauka. Eun-sol aliangalia dirishani.

Gyu-tae alisimama. "Nimepewa barua hii niisome," alisema kwa sauti ile ile tulivu. "Inasema mwalimu Pyo alizikabidhi picha kwa hiari yake ili zitumike kwenye matangazo. Huo ni uongo."

Afisa wa wilaya akavua miwani.

"Alinitumia mimi kama rafiki. Tarehe ishirini na sita Novemba nilizipeleka kwa wakubwa wangu, bila kumwomba ruhusa, na hapo nilikosa. Nilizipeleka na waraka huu." Akafungua karatasi ya pili. "Niliandika: mtazameni mwalimu huyu. Amefanya kwa kamera tu kile ambacho programu yetu imeshindwa kwa miaka miwili. Watoto wanabonyeza bila kusoma na sisi tunawapongeza. Naomba dubu aondolewe, na walimu wapewe nafasi ya kutunga masomo yao. Niliwaomba pia picha zisitoke nje. Hawakunijibu. Wakachapisha."

Akaweka karatasi mbele ya afisa, akainama kwa wazazi, kichwa kikafika usawa wa meza, akabaki hivyo muda mrefu.

Tuhuma dhidi ya Eun-sol zilifutwa jioni ile ile. Kazi ya Gyu-tae nayo ilikwisha. Eun-sol alimkuta nje ya geti, tai mfukoni, theluji nyepesi ikimwangukia mabegani.

"Nani alikutuma ujifukuzishe kazi?" Eun-sol alisema.

"Ningefanyaje?"

"Ungeniomba ruhusa mwezi uliopita. Maneno matatu tu, Gyu-tae. Naomba kutuma picha. Unapiga simu mara kumi kwa siku kuniuliza nimekula nini, hilo likakushinda."

"Nilijua ungekataa."

"Ndiyo. Ningekataa. Ruhusa huombwa kwa ajili hiyo."

Gyu-tae akakung'uta theluji begani, akasema amepata kazi ya mkataba, kufundisha kwenye shule moja milimani, Bonghwa, kuanzia Machi. Wanafunzi kumi na mmoja. Zaidi ya saa nne kwa treni.

"Umeshaikubali?"

"Asubuhi hii. Nilijua baada ya leo sitakuwa na pa kurudi."

"Na hili pia hukuniuliza," alisema Eun-sol, akaingia ndani akamwacha kwenye theluji.

Hakumfungulia namba. Januari ikapita, Februari ikapita. Machi, mwaka mpya wa masomo ulipoanza, alipandishwa pamoja na darasa lake kuwa kidato cha tatu C, na kila alipotunga somo jipya lililowaamsha watoto alijikuta ameshika simu ili amwambie mtu, kisha anairudisha mfukoni kwa nguvu kama vile simu ndiyo yenye makosa.

Katikati ya Aprili Bi Yeom alimpa karatasi yenye muhuri. "Jibu wewe," alisema. "Mimi nina kazi."

Ilikuwa barua rasmi yenye namba ya kumbukumbu. Shule ya Bonghwa iliomba kwa heshima ruhusa ya kufanya somo la pamoja kwa njia ya video na kidato cha tatu C, juu ya penduli, yaani uzito unaoning'inizwa kwa kamba na kuyumba. Iliomba ruhusa ya kuonyesha sura za wanafunzi. Iliomba ruhusa ya kurekodi sauti. Iliomba ruhusa ya kuwasiliana na mwalimu husika kwa simu. Imesainiwa: Tak Gyu-tae.

Eun-sol aliisoma mara tatu. Miezi mitatu na zaidi ya kimya, halafu mtu anaandika barua yenye namba ya kumbukumbu. Akamfungulia namba, akapiga.

"Ulishindwa kuniandikia mimi?"

"Ulikuwa umenifungia."

"Kuna posta, Gyu-tae."

"Ndiyo niliyotumia," alisema, na Eun-sol akauma mdomo ili asicheke. Hakutaka apate ushindi mapema namna hiyo.

Somo lilifanyika Jumanne, saa tano asubuhi. Kioo kikubwa cha mbele kilimwonyesha Gyu-tae katika sweta la kijani lililopauka, amekonda, nywele zimemrefuka, na nyuma yake watoto kumi na mmoja wakining'iniza jiwe la mtoni kwa kamba ya mita moja. Yeongdo walining'iniza chupa ya maji kwa kamba ya urefu huo huo. Waliachia kwa pamoja, wakahesabu mizunguko ishirini kwa sauti, madarasa mawili yakikimbizana kwa hesabu.

"Sekunde arobaini na nukta mbili," Yun-seo alitangaza.

"Arobaini na nukta tatu," akajibu mtoto wa Bonghwa.

"Haiwezekani. Jiwe lenu zito."

"Pimeni tena basi."

Walipima tena, wakabadilisha chupa, wakaongeza maji, wakapunguza, na kila mara majibu yakakaribiana, na kelele zikawa nyingi mpaka mwalimu wa jirani akagonga ukuta. Dakika tatu kabla ya kengele, Gyu-tae alisogea karibu na kamera.

"Mwalimu Pyo," alisema, "kuna jambo ambalo..."

Picha ikaganda. Mdomo wazi, jicho moja limefumba, mkono hewani. Darasa likaangua kicheko.

Eun-sol alifunga macho, akashusha pumzi, akatoa simu mfukoni, akampigia.

"Umeganda," alisema. "Jambo gani?"

"Nitakuambia jioni. Watoto wangu wanasikiliza."

"Na wangu wanasikiliza. Gyu-tae, mimi nimechoka na wewe. Nimechoka kusubiri useme mambo baada ya kuyatenda. Kwa mara moja maishani mwako, uliza kwanza."

Upande wa pili alisikia kiti kikivutwa, na mtoto akimwambia mwenzake anyamaze.

"Eun-sol," alisema Gyu-tae, na sauti ile tulivu ikatetemeka. "Mkataba wangu hapa ni wa mwaka mmoja. Ukiisha nitarudi Busan, ukitaka nirudi. Nisipopata shule nitauza hata chapati. Naomba kukuoa. Na ukikataa, nitakuelewa."

Watoto ishirini na wanane walikuwa wameacha kupumua. Yun-seo alikuwa ameshika chupa kwa mikono miwili kifuani.

"Ndiyo," alisema Eun-sol.

"Ndiyo gani? Ndiyo unakataa?"

"Jamani, Gyu-tae. Ndiyo nakubali," alisema, akageuka ubaoni ili watoto wasimwone machozi. "Sasa niambie mlipata sekunde ngapi mara ya mwisho. Kengele inakaribia na hatujaandika."